Mmeyasifu maji, mkasahau kilicho nyuma yake

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua tuzungumzie picha mbili za chemchemi ya Buckingham, ya hapa Chicago, mlizoziweka bega kwa bega kwenye ukurasa wa picha za wasomaji. Ya kwanza, iliyosifiwa, ina maji laini kama pamba, mrusho mkubwa umekaa kwenye theluthi ya kulia, na nyuma yake mbingu nyeupe tupu. Ya pili ina matone yanayohesabika, mrusho uko katikati kabisa, nyuma kuna majengo yenye kivuli na wingu zito la mvua. Hiyo mhakiki wenu aliipa mistari miwili tu: maji "yameganda", na kitu kikuu hakikuwekwa kwenye theluthi, yaani theluthi moja ya upana wa picha kutoka ukingoni. Kwa macho yetu sisi wapiga picha wa huku, hukumu hiyo imesimama kichwa chini miguu juu.

Hatuandiki kumvunjia mtu heshima. Ila wasomaji wengi hujifunza kamera kwenye ukurasa huo huo, na wakishaambiwa kwamba uzuri wa chemchemi uko kwenye ulaini wa maji, watanunua filta kabla hawajajua pa kusimama.

Tuanze na jambo ambalo mhakiki hakuligusa kabisa. Maji hayana rangi. Kinachoonekana kwenye picha ya chemchemi ni mwanga uliogonga matone, na mwanga huo huonekana tu pale penye kitu cheusi zaidi nyuma yake. Weka mrusho mweupe mbele ya mbingu nyeupe, hata uwe mrefu kiasi gani, utapata doa jeupe ndani ya jeupe. Weka maji hayo hayo mbele ya ukuta wenye kivuli, kila tone litajitokeza kama punje ya mchele kwenye ungo. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya picha ya chemchemi liwe ni kipi kimekaa nyuma ya ncha ya mrusho. Maji yametokaje, tutauliza baadaye. Picha mliyoisifu inaanguka kwenye swali hilo la kwanza: ncha yake haionekani inaishia wapi.

Chemchemi yenyewe inafaa kwa somo hili kwa sababu vipimo vyake vinajulikana. Ilifunguliwa mwaka 1927 katika bustani ya Grant Park, zawadi ya Bi. Kate Buckingham kwa kumbukumbu ya kaka yake Clarence. Msanifu wake alikuwa Edward H. Bennett, na sanamu ni za Mfaransa Marcel Loyau. Waliichukulia mfano chemchemi ya Latona ya Versailles, wakaikuza. Bwawa la chini lina kipenyo cha mita 85. Juu yake yamepangwa mabeseni matatu ya marumaru ya waridi kutoka Georgia, kila moja dogo kuliko la chini yake, kama sinia za keki ya harusi. Ndani ya bwawa kuna jozi nne za farasi wa baharini wa shaba, kwa ajili ya majimbo manne yanayopakana na Ziwa Michigan. Katika msimu, kuanzia Mei hadi katikati ya Oktoba, kila saa mpya inapoanza mrusho wa katikati hupanda hadi mita 46, na onyesho hudumu kama dakika 20.

Sasa hesabu ya pa kusimama, maana hapa ndipo picha nyingi huharibika kabla kitufe hakijabonyezwa. Ukisimama mita 100 kutoka katikati, bwawa zima linachukua nyuzi 50 za upana wa macho yako, na mrusho unainuka nyuzi 25 hivi. Lenzi ya 35 mm kwenye kamera ya fremu nzima (yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya 35 mm) inameza nyuzi 54, kwa hiyo bwawa linaenea kwa shida, likibakiza kijinafasi kila upande. Kwa lenzi ya 50 mm, yenye nyuzi 40, kingo za bwawa zitakatwa. Na ukijisogeza mpaka mita 60, bwawa linatanuka kufikia nyuzi 90. Hata lenzi ya 24 mm haiwezi kulikusanya. Mtu aliye karibu achague: ama arudi nyuma, ama aachane na bwawa zima apige kipande. Kosa la kawaida ni la katikati ya hayo mawili: mtu hakurudi nyuma, wala hakuamua kukata, basi mkia wa farasi mmoja wa shaba unabaki nje ya fremu na wa mwenzake ndani. Picha mliyoisifu ina kosa hilo, upande wa kushoto chini. Tazameni tena.

Pande nne za chemchemi zina mandharinyuma manne, na hayalingani hata kidogo. Ukitazama mashariki unapata ziwa na mbingu, basi. Upeo wa ziwa mara nyingi ni mweupe wa ukungu, na hapo ndipo picha iliyosifiwa ilipopigwa. Ukitazama kaskazini unakutana na safu ya minara ya Randolph Street, ikiwemo Aon Center yenye mita 346, ambayo imevikwa mawe meupe. Mnara mweupe nyuma ya maji meupe ni mtego: mchana wa jua mrusho ukiuangukia, vyote viwili vinapotea. Upande huo unafaa asubuhi, jua likitoka kulia kwako na kuyapa maji upande wenye mwanga na upande wenye kivuli, ilimradi usogee hatua kadhaa mpaka mnara huo utengane na mrusho.

Upande wenye faida zaidi ni kusimama mashariki na kutazama magharibi. Hapo unayo majengo ya Michigan Avenue, na nyuma yao Willis Tower, mweusi, mita 442 bila antena. Chemchemi imekaa kwenye mhimili wa barabara iliyoitwa Congress Parkway, ambayo sasa ni Ida B. Wells Drive, kwa hiyo ukisimama juu ya mhimili wenyewe, mwanya wa barabara unakaa nyuma ya mrusho, na majengo yanasimama kulia na kushoto kama bawabu wawili. Willis Tower, kwa lenzi ya 35 mm na umbali ule wa mita 100, unaangukia kulia, karibu nusu ya njia kati ya katikati ya picha na ukingo wake. Ni mahali pazuri sana pa mnara. Hauyagusi maji, wala haukimbilii pembeni.

Lakini sogea kusini ya mhimili mita 24 tu, mnara unajificha nyuma ya mrusho, na kinachobaki ni antena zake mbili nyeupe zikichungulia kando ya maji kama masikio ya sungura. Tumeona picha nyingi za namna hiyo, na wapigaji wake hudhani kosa liko kwenye kamera. Kosa liko kwenye miguu.

Hapo ndipo tunapoikataa hoja ya theluthi. Kanuni ya theluthi ni msaada kwa mtu asiyejua pa kuweka kitu. Si sheria ya barabarani. Bennett aliichora chemchemi hii kwa ulinganifu wa pande zote, na aliyesimama juu ya mhimili akaweka mrusho katikati ameifuata mantiki ya mchoro wenyewe. Ukitaka kumhukumu mtu huyo, mhukumu kwa usahihi: je, kweli yuko katikati? Ukikosea mita 2 tu pembeni, ukiwa mita 100 kutoka kwenye mrusho, mstari wa maji unahama zaidi ya mita 9 kwenye majengo ya Michigan Avenue, ambayo yako kama mita 460 nyuma ya chemchemi. Mwanya wa barabara unatoka nyuma ya mrusho na kusimama kando yake, na ulinganifu wote unachechemea. Picha ya katikati haivumilii ukaribu-karibu. Ile ya pili kwenye ukurasa wenu imepatia: mwanya umekaa sawasawa, jozi za farasi wa kulia na kushoto ziko umbali mmoja kutoka kwenye kingo, na ukingo wa bwawa haujainama. Mpigaji wake alihangaika kupata nafasi ile, na mhakiki akamwambia amevunja kanuni.

Ukingo wa bwawa tuutazame kidogo. Kwa kuwa bwawa ni duara, picha haina mstari ulionyooka wa kulinganishia, na watu hupima kwa macho wakakosea. Pima kwa mrusho: hewa ikiwa tulivu, maji hupanda wima kama timazi la fundi. Upepo ukivuma, acha mrusho, pima kwa pembe za majengo yaliyo katikati ya picha, si ya pembeni, kwa sababu ukiinua kamera juu ili kuipata ncha, majengo ya pembeni yatalala kuelekea ndani. Dawa yake ni kurudi nyuma na kuishika kamera sambamba na ardhi, kisha kukata ziada ya chini baadaye. Kunyoosha majengo kwa programu kunawezekana, ila kunavuta juu ya picha, na mrusho hunenepa kichwani.

Kuhusu mwanga: mbingu haikwepeki. Hata kwenye upande ule mzuri wa magharibi, majengo yaliyo karibu yanafunika sehemu ya chini tu ya mrusho. Theluthi mbili za juu zinabaki mbele ya mbingu. Ndiyo maana siku ya mawingu meupe ya kutandaza si siku ya mrusho mkubwa. Siku hiyo punguza fremu, piga mabeseni na farasi, uache juu. Siku ya mbingu ya samawati iliyokolea, au wingu jeusi huku jua limepenya upande mwingine, ndiyo siku yake.

Saa nzuri ni jioni. Jua likiwa magharibi, kuta zote unazozitazama kutoka mashariki ziko kivulini, na wakati huo huo mwanga unayapenya maji kutoka nyuma. Matone yanawaka, ukuta umezima. Kadiri jua linavyoshuka, kivuli cha majengo hulifikia bwawa kwanza, kisha mabeseni, kisha hupanda kwenye mrusho wenyewe, mpaka inabaki ncha tu iliyo juani, ya dhahabu, juu ya chemchemi yenye rangi ya majivu. Muda huo ni mfupi, na kwa kuwa maji makubwa hupanda mwanzoni mwa kila saa, unaweza kukupita ukiwa unasubiri onyesho linalofuata. Angalia saa ya machweo kabla hujatoka nyumbani. Mwishoni mwa Juni jua huzama huku yapata saa 2:30 usiku, katikati ya Septemba yapata saa 1.

Ukipiga kuelekea jua, mkono au kofia ikinge lenzi isipigwe na miali, na anza na f/5.6 (ukubwa wa tundu la lenzi), aiso 400 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), shata 1/1000 (muda wa kupokea mwanga, kwa sehemu ya sekunde). Kamera inayojipimia yenyewe itadanganyika: ikiona ukuta mweusi mwingi itaongeza mwanga, na maji yataungua yabaki karatasi tupu. Punguza kwa theluthi mbili ya stopu hadi stopu moja (stopu moja ni kukata mwanga nusu), kisha tazama histogramu, ule mchoro wa mgawanyo wa giza na mwanga kwenye picha. Mlima ukiwa umeegemea ukuta wa kulia, punguza tena. Kivuli kilichozidi kinaweza kuinuliwa baadaye. Maji yaliyoungua hayarudi.

Asubuhi kuna upinde wa mvua, na wengi hufikiri ni bahati. Huonekana nyuzi 42 kutoka kwenye nukta iliyo mkabala kabisa na jua, yaani pale kinapoelekea kivuli cha kichwa chako. Jua likiwa nyuzi 20 juu ya upeo, kilele cha upinde kitakuwa nyuzi 22, ndani ya urefu wa mrusho ukiwa mita 100. Jua likipita nyuzi 42, upinde unazama chini ya usawa wa macho, na siku za Juni huku jua la adhuhuri hufika nyuzi 71, basi usiutafute. Na kama umefunga filta ya polaraiza, izungushe taratibu ukitazama: upande mmoja inaukoleza upinde, upande mwingine inaufuta wote.

Tufike sasa kwenye ulaini wa maji, uliompendeza mhakiki. Ili maji yafike mita 46, yanatoka kwenye bomba kwa kasi isiyopungua mita 30 kwa sekunde. Kwa shata ya 1/1000 tone la pale chini linasogea sentimita 3 tu, na kwa kamera ya pikseli milioni 24 na lenzi ya 35 mm kutoka mita 100 hizo ni pikseli mbili hivi. Jicho linaona tone. Kwa 1/250 linasogea sentimita 12, ukali unaanza kupungua. Kwa 1/30 linachora mstari wa mita nzima. Lakini huko juu, kwenye ncha, maji yanakaribia kusimama kabla ya kurudi, kwa hiyo shata ile ile ya 1/250 inaweza kukupa shina lililolainika na kichwa chenye matone. Mchanganyiko huo ndio unaompa mtazamaji hisia kwamba maji yanapanda. Mhakiki aliyesema maji "yameganda" hakutazama shina la picha ile ya pili. Tulilitazama kwa kioo cha kukuzia, lina mistari.

Sisi hatuchukii shata ndefu. Ina mahali pake: kwenye mabeseni, ambako maji humwagika kwa pazia moja lisilobadilika, nusu sekunde huonyesha umbo la pazia hilo vizuri kuliko 1/1000. Kwa jua kali, f/16 na aiso 100, kamera inataka kama 1/125. Filta nyeusi ya stopu 6 inakupeleka nusu sekunde. Tripodi iwe imara, na usiiweke pale vijana wanapopita na baiskeli. Kwa mrusho mkubwa mambo ni mengine. Tone huchukua kama sekunde 3 kupanda na 3 kushuka, kwa hiyo baada ya sekunde moja au mbili ulaini wote umeshapatikana. Ukiendelea hadi sekunde 20 hupati ulaini zaidi, unakusanya upepo tu: mrusho unayumba huku na huku, na picha inatoka na kitu kama fagio la chelewa lililochakaa. Picha iliyosifiwa ni ya namna hiyo. Unene wa mrusho wake ni mara mbili ya kawaida, na si kwa sababu pampu ziliongezwa nguvu.

Upepo wenyewe, Chicago iko ziwani, hauna budi kuhesabiwa. Kaa upande unakotoka upepo, la sivyo manyunyu yatakujia na kuacha madoa ya chokaa kwenye lenzi. Futa kwa kitambaa laini cha miwani, si kwa pindo la shati, na futa kila baada ya picha chache, kwa sababu tone moja kwenye lenzi likikabili jua huwa duara kubwa la mwanga katikati ya picha. Mrusho ukiinamia kusini, acha nafasi tupu upande wa kusini ili uwe na pa kuangukia. Hapo ndipo theluthi ina kazi, na hapo tungemuunga mkono mhakiki bila ubishi.

Farasi wa shaba wanastahili lenzi ndefu, 85 mm hadi 135 mm, na uvumilivu. Chagua jozi ambayo nyuma yake jiwe liko kivulini. Marumaru ile ya waridi ikilowa hukolea, ikakaribia rangi ya nyama ya papai lililoiva sana, na maji yanayoruka kutoka vinywani mwa farasi yanaonekana mbele yake kama nyuzi za fedha. Maji yanapodondoka shingoni mwa farasi hutengeneza utando mwembamba unaong'aa, na shaba ya kijani inaonekana chini yake; ukipunguza mwanga kwa stopu moja na kulenga kwenye jicho la farasi, utando unabaki. Ukiacha kamera ilenge yenyewe itarukia matone ya mbele, farasi atoke na ukungu. Kuna uzio wa chuma kuzunguka bwawa. Pitisha lenzi katikati ya nondo zake, usipige kutoka juu ukiwa umenyoosha mikono, maana ukishuka usawa wa maji farasi huinuka mbele ya mabeseni badala ya kuzama ndani yake.

Kwa wenye simu, ambao ndio wengi: tumia lenzi kuu, si ile pana kupindukia, kwa kuwa hiyo pana huvuta pembe na duara la bwawa hugeuka yai. Bonyeza skrini na ushikilie kwenye mabeseni mpaka fokasi na mwanga vifungwe, kisha shusha alama ya jua. Hali ya kupigia watu, ile inayofifisha nyuma, usiiguse; programu hushindwa kutenganisha matone na nywele, ikafuta vyote kwa pamoja. Na kila simu inayounganisha picha kadhaa kuwa moja itakupa maji yenye vivuli viwili viwili, kwa sababu kati ya picha na picha maji yameshahama. Ukiweza kuizima, izime.

Usiku taa za rangi zikiwashwa, watu husubiri giza kamili, na huo ni uchelewaji. Subiri dakika 15 hadi 25 baada ya machweo, mbingu ikiwa bado na samawati ya kutosha kuitenga minara. Anza na f/2.8, aiso 1600, shata 1/60, na uifungie kamera rangi kwenye kipimo kimoja, kama Kelvin 4500, la sivyo itapambana na kila taa inayobadilika. Taa nyekundu ndiyo huungua kwanza hata kama histogramu ya jumla inaonekana salama, kwa hiyo fungua ile inayoonyesha nyekundu, kijani na samawati kila moja peke yake.

Msomaji aliyeko Nairobi au Dar es Salaam anayetaka kufanya haya kwenye chemchemi ya kwao ajue kwamba saa zake ni nyingine. Huku samawati ya jioni hukaa kama nusu saa. Huko Ikweta ni dakika 21 hivi, ukifunga tripodi polepole giza limekukuta. Jua la huko hupanda karibu wima, likapita nyuzi 42 yapata kati ya saa 3 na saa 4 asubuhi, na halirudi chini yake mpaka yapata kati ya saa 9 na saa 10 alasiri. Kati ya hapo hakuna upinde wa mvua wala mwanga wa nyuma. Maji hupigwa kutoka utosini, yakawa meupe bila umbo.

Mwisho, jambo linalowahusu ninyi zaidi ya mhakiki. Karatasi ya gazeti haina wino mweupe. Weupe wake ni karatasi yenyewe, na mbingu nyeupe ikiungana na maji meupe, mashine haichapi chochote hapo. Picha ya kwanza mliipa safu tano, na sehemu kubwa ya safu hizo ni karatasi tupu. Ya pili mliibana kwenye safu moja. Uchapaji wa gazeti hutumia nukta kama 85 kwa inchi, na safu moja ya sentimita 5 ina nukta zisizozidi 170 za upana. Picha iliyopigwa kwa lenzi ya 35 mm kutoka mita 100 inabeba upana wa mita 103, kwa hiyo kila nukta yenu ilibidi ibebe zaidi ya nusu mita ya chemchemi. Matone yaliyompa mpigaji yule kazi yote ile yalifia kwenye mashine. Tunaomba muichape upya kwa safu tano, na chini yake muweke saa iliyopigwa, shata, na upande aliosimama mpigaji.

Wasomaji wenu, wapiga picha,
Chicago